Majaribio ya Formula 1 Kabla ya Msimu: Yanayosemwa Vijiweni na Ukweli Wake

Magari ya Formula 1 yakishaanza kuzunguka Sakhir kule Bahrain mwezi wa pili, haipiti saa moja picha ya orodha ya muda imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Mbezi hadi Kigamboni. Aliye juu anavishwa ubingwa, aliye chini anafanyiwa matanga. Kati ya taarifa zote zinazotoka kwenye majaribio, orodha hiyo ndiyo yenye habari chache kuliko zote, na inasikitisha kwamba ndiyo pekee inayowafikia mashabiki wengi.

Dhana: Anayeongoza orodha ndiye mwenye gari bora

Majaribio ya 2025 yalifanyika tarehe 26 hadi 28 Februari. Muda bora wa siku zote tatu ulikuwa 1:29.348, wa Carlos Sainz akiwa na Williams. Msimu ulipoisha, Williams ilikuwa ya tano kwa timu, na ubingwa wa timu na wa madereva ulikwenda McLaren. Mwaka 2019 kule Barcelona, Sebastian Vettel wa Ferrari alimaliza majaribio akiwa na 1:16.221, mbele ya Lewis Hamilton wa Mercedes kwa sekunde 0.003. Karibu kila mtu aliamini Ferrari ndiyo yenye kasi. Mbio za kwanza zilipofika Melbourne, Mercedes walishika nafasi ya kwanza na ya pili, Valtteri Bottas akishinda kwa zaidi ya sekunde 20, huku Ferrari zikiwa ya nne na ya tano.

Kinachopotosha zaidi ni mafuta. Daladala ya Mbagala iliyojaza abiria hadi mlangoni haipandi kilima kama ile inayorudi tupu usiku, hata kama injini ni moja. Hadi 2025, gari la Formula 1 liliweza kubeba kilo 110 za mafuta kwa ajili ya mbio. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kila kilo 10 hula takriban sekunde 0.3 kwa mzunguko. Timu moja ikiwa na kilo 10 na nyingine kilo 70, tofauti ni sekunde 1.8 kabla hujagusa ubora wa gari wala dereva. Katika sehemu ya kwanza ya kufuzu (kipindi cha kupanga nafasi za kuanzia mbio) mwaka 2025, mara nyingi tofauti ya wa kwanza na wa mwisho ilikuwa ndogo kuliko hiyo.

Timu haitangazi mafuta, lakini kuna kiwango cha chini ambacho haiwezi kukificha. Mbio za Sakhir ni mizunguko 57, kwa hiyo kilo 110 ukizigawa ni kama kilo 1.9 kwa kila mzunguko. Gari likitoka karakana na kukimbia mizunguko 20 bila kurudi, lilitoka na kama kilo 38 au zaidi. Hakuna namna nyingine, maana mafuta hayaongezwi njiani. Likitoka, likapasha tairi mzunguko mmoja, likakimbia mmoja na kurudi, hapo huna uhakika: linaweza kuwa na kilo 10 au 80. Ndiyo maana mzunguko mmoja wa kasi ni ushahidi dhaifu kuliko mizunguko 20 ya mwendo wa kawaida. (Injini za 2026 zinatumia mafuta machache kwa sababu umeme umebeba karibu nusu ya nguvu, hivyo shusha namba hizi. Hesabu yenyewe haibadiliki.)

Baada ya mafuta huja tairi. Pirelli, kampuni inayozitengeneza, huzipanga kwa namba: C1 ndiyo ngumu kuliko zote, na namba ikipanda mpira unakuwa laini zaidi. Wikiendi ya mbio zinaletwa aina tatu tu za njia kavu: nyeupe (ngumu), njano (ya kati) na nyekundu (laini). Kwenye majaribio aina huwa nyingi zaidi ya tatu, kwa hiyo usitegemee rangi peke yake, tafuta namba. Muda wa tairi laini na wa tairi ngumu haviwekwi kwenye mizani moja.

Tatu ni saa. Sakhir ni jangwani. Mchana lami inachemka, upepo unaleta mchanga njiani na tairi za nyuma zinateleza kila gari linapotoka kwenye kona ya polepole. Jua likizama lami inapoa na muda unashuka bila fundi kugusa chochote. Kufuzu na mbio za Bahrain hufanyika jioni chini ya taa, kwa hiyo muda wa saa tano asubuhi hauhusiani sana na utakachokiona siku yenyewe.

Dhana: Timu kubwa zote zinaficha makali, kwa hiyo majaribio hayana maana

Huku ni kuruka mkojo na kukanyaga mavi. Mwaka 2009 Brawn GP ilifika Barcelona mwezi Machi, ikiwa imeokolewa dakika za mwisho baada ya Honda kujitoa, na ikawa na kasi ya kutisha. Wengi walisema gari limepunguzwa uzito ili kuvutia wadhamini. Shaka hiyo haikutoka hewani, maana timu ya Prost iling'ara kwenye majaribio kabla ya msimu wa 2001, ikavuna pointi 4 tu msimu mzima, na mapema 2002 ikafilisika. Lakini Brawn hawakuwa wakiigiza. Jenson Button alishinda mbio sita kati ya saba za mwanzo, na timu ikabeba makombe yote mawili.

Makali yanafichwa, ndiyo: nguvu ya injini inapunguzwa, mafuta yanaongezwa, dereva anaambiwa aachie kanyagio kabla ya mstari wa kumalizia. Ila kufichwa kote kuna mpaka. Mwaka 2023, 2024 na 2025 siku zilikuwa tatu tu, na kila timu inaruhusiwa gari moja njiani, madereva wawili wakipokezana. Mhandisi anahitaji kujua gari linavyokula tairi na linavyotulia kwenye kona, na hawezi kujua hayo bila kuliendesha kweli. Vitu hivyo viwili vinaonekana hata ukiwa Tabata na simu mkononi.

Fanya hivi. Tafuta gari lililokimbia mizunguko 12 au zaidi mfululizo. Andika muda wa kila mzunguko, futa wa kutoka na wa kuingia karakana, na ufute ule ulioharibika kwa kukutana na gari jingine (utaujua, unaruka sekunde mbili au tatu kisha unarudi). Kumbuka kila mzunguko unachoma kilo 1.9, na uzito huo ukitoka gari linapaswa kuongeza kasi kwa kama sekunde 0.06. Muda usipobadilika kabisa maana yake tairi inapoteza sekunde 0.06 kwa mzunguko na wepesi wa mafuta unafidia.

Tuseme gari la kwanza linaanza na 1:36.0 na mzunguko wa 15 ni 1:37.0. Limepoteza sekunde 1.0 waziwazi, pamoja na 0.84 ya wepesi wa mafuta uliopaswa kulisaidia: tairi imekula 1.84, yaani kama 0.13 kwa mzunguko. Gari la pili linaanza na 1:36.3 na kuishia 1:36.6. Tairi imekula 1.14, kama 0.08 kwa mzunguko. Kijiweni watasema la kwanza ni bora kwa kuwa lilianza na muda mzuri. Jumlisha mizunguko yote 15: la pili limetangulia kwa karibu sekunde 0.75, na pengo linazidi kupanuka kila mzunguko. Lami ya Sakhir inakwangua tairi vibaya, kwa hiyo hapo ndipo timu inaposhinda au kushindwa mbio. Hakikisha tu tairi za magari yote mawili ni aina moja na saa zinakaribiana, la sivyo hesabu yako ni kazi bure.

Dhana: Gari likisimama njiani limeharibika

Wakati mwingine limeharibika. Lakini ukiona limezimika taratibu kandokando ya njia, bila moshi, dakika za mwisho za kipindi, na timu haina haraka wala wasiwasi, kuna uwezekano mkubwa limeishiwa mafuta kwa makusudi. Pampu haiwezi kufyonza tangi hadi tone la mwisho, hasa kwenye kona ambapo mafuta yanasukumwa upande mmoja. Timu inataka kujua kinachobaki ni kiasi gani, kwa sababu baada ya mbio lazima iweze kutoa sampuli ya lita 1 kwa wakaguzi. Bila kupima, ungebeba mafuta ya akiba kila mbio, na uzito huo tumeshaona bei yake.

Bendera nyekundu, zinazosimamisha kipindi, nazo si ushahidi wa ubovu wa gari. Mwaka 2024 kifuniko cha mtaro kililegea njiani na kusimamisha majaribio. Mwaka 2025 siku ya kwanza umeme ulikatika uwanja mzima, jambo ambalo mkazi wa Dar halihitaji kuelezwa, na siku ya mwisho basi liliingia njiani magari yakiwa yanakimbia. Kuna pia bendera na taratibu za usalama zinazopimwa tu na waongozaji wa mbio mwishoni mwa kipindi. Kabla ya kuandika "Ferrari imekufa tena", ngoja uone nini kimeandikwa kwenye ujumbe wa waongozaji.

Dhana: Rangi ya kijani inayochuruzika kwenye bawa ni mafuta yanayovuja

Ni rangi inayong'aa iliyochanganywa na mafuta mepesi. Fundi anaipaka kwenye bawa la mbele au pembeni mwa sakafu sekunde chache kabla gari halijatoka. Hewa inaisukuma nyuma, mafuta yanakauka, rangi inabaki na michirizi. Michirizi ikiwa mirefu na imelala sambamba, hewa imeshika uso wa bawa. Ikivurugika, ikakusanyika kama dimbwi au ikarudi kinyume, hapo hewa imeachana na bawa na mgandamizo unaolibana gari chini unapotea. Wapiga picha wa timu pinzani hukimbilia picha hizo, na ndiyo maana mafundi husimama kuziba.

Vile vyuma kama wavu wa dirisha vilivyofungwa nyuma ya tairi za mbele ni safu za mirija ya kupimia shinikizo la hewa. Vikiwa vimefungwa dereva hukimbia kwa mwendo ulioshikiliwa sawasawa. Muda wake hapo hauna thamani yoyote. Mpuuze.

Dhana: Timu iliyoanza vibaya imekwisha

Jerez, Januari 2014, injini mpya za mseto (mafuta na umeme) zilipoanza: Red Bull walipata mizunguko 21 kwa siku nne. Mercedes walipata 309. Mercedes walitawala msimu, hilo ni kweli. Lakini Red Bull wa mizunguko 21 walimaliza wa pili, na Daniel Ricciardo alishinda mbio tatu: Kanada, Hungaria na Ubelgiji. Jumla ya mizunguko inakupa picha nzuri ya uimara wa gari wiki za kwanza. Haikupi picha ya mwezi wa saba.

Angalia tatizo ni la aina gani. Bomba la maji, kihisi au waya linatibika kwa siku mbili. Joto linalozidi kwa sababu mwili wa gari umebanwa mno linahitaji kukata matundu, na kila tundu linapunguza kasi. Gari linalodundadunda kwenye njia iliyonyooka, kama yalivyofanya mengi mwaka 2022, ni tatizo la muundo. Mercedes walihangaika nalo na wakashinda mbio moja tu msimu huo.

Dhana: Gari la majaribio ndilo litakaloshindana

Wapenzi wa rali wanaovuka mpaka kwenda Naivasha wamezoea kuona gari la mazoezi ya kabla ya Safari Rally ndilo hilo hilo linaloingia mashindanoni. Formula 1 haiko hivyo. Mercedes wa 2019 walileta mabawa na sakafu mpya wiki ya pili ya majaribio. Mwaka 2022 walikuja Barcelona na umbo moja, wakaja Bahrain na mbavu za gari (vifuniko vya pembeni) zilizokatwa hadi karibu kuisha. Gari la siku ya uzinduzi ndilo la kuaminiwa kidogo kuliko yote: mara nyingi ni rangi tu na majina ya wadhamini.

Dhana: Inabidi kukesha

Saa za Bahrain na za Dar es Salaam ni sawasawa. Ratiba ya kawaida ya Sakhir ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kisha saa tisa alasiri hadi saa moja usiku. Programu ikikuandikia 15:00 kwa saa za uwanjani, ni saa tisa yako, usijumlishe wala kutoa.

Kama bando ni dogo, acha picha za video na ufungue ukurasa wa muda peke yake, unakula data kidogo sana. Asubuhi usihangaike. Kuanzia saa kumi na moja jioni, ukiwa kwenye foleni ya Ubungo au umeshafika nyumbani, chora safu nne kwenye karatasi: gari, namba ya tairi, saa lilipotoka, muda wa kila mzunguko. Chagua magari mawili tu. Ukijaribu kufuata yote utapoteza hesabu kabla ya mzunguko wa tano. Ikikaribia saa moja usiku magari hujipanga kwenye mstari na kufanya mazoezi ya kuondoka. Hapo muda haupimwi tena: tazama tairi za nyuma, ni gari lipi linazizungusha bure na lipi linaondoka limeshika lami.