Kidonda sugu hakiponi kwa kukaushwa

"Mwagia unga wa majani, kikauke." Ushauri huu kuhusu vidonda utausikia Uganda nzima, Kampala hadi Arua, na una ukweli nusu. Mmea wa kishona nguo, ambao Waganda huuita ssere, hukamuliwa juu ya jeraha bichi ili kuzuia damu, na maabara zimeonyesha kuwa baadhi ya mimea huua bakteria. Ila kidonda kinachotoa usaha kwa miezi si jeraha bichi.

Tangu majaribio ya mtafiti George Winter kwa nguruwe mwaka 1962, inajulikana kwamba ngozi mpya huota haraka zaidi penye unyevunyevu. Gaga gumu la unga huizuia, na chini yake usaha hujikusanya. Tena majani yaliyoanikwa chini yanaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. (Kinyesi cha ng'ombe hata tusikitaje.)

Halafu kuna chanzo cha kidonda. Kama ni kisukari, jani la kupaka haliigusi sukari iliyo ndani ya damu. Kama ni kidonda cha Buruli, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria na uliopata jina kwa eneo la Buruli, wilaya ya Nakasongola ya leo, hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria, rifampisini na klarithromaisini, kwa wiki 8.

Asali naitetea: huvuta maji, huua bakteria, na hospitali huitumia, lakini ile iliyotakaswa kwa mionzi. Ukiwa umeshapaka mitishamba, mtajie muuguzi ni ipi, kisha umwombe akupime sukari.