Thimlich Ohinga: kuta zinazosingiziwa mengi

Kila boma kuukuu lina visa vyake, lakini kuta za mawe za Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori nchini Kenya, zimezuliwa mengi mno.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kwamba zilijengwa na wageni, mara Waarabu, mara Wareno. Dhana hii ina ndugu yake kule kusini. Walowezi waliwapa sifa ya kujenga Great Zimbabwe, magofu ya mawe yaliyoko nchini Zimbabwe, watu wa kila namna isipokuwa Mwafrika, ingawa wanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walichimba pale na kuonyesha kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe. Huku Migori pia ni hivyo hivyo. Kuta zilianza kuinuliwa yapata karne ya 16, kwa mikono ya jamii za wafugaji wa bonde la Ziwa Victoria, na maboma ya namna hii yaliyotapakaa ukanda huo yanapita 500. Mpita njia hajengi mara 500.

Wapo pia wanaoteleza upande wa pili: jina ni la Kijaluo, basi waliojenga ni Wajaluo peke yao. Kweli, jina linaeleweka kama boma la mawe katika msitu mnene wa kutisha. Ila jina hutolewa na anayekaa, wala si lazima awe ndiye aliyeweka jiwe la kwanza. Watafiti wanaeleza jamii za Kibantu na za Kinailoti zilizopokezana mahali hapa, kila iliyoingia ikikarabati na kuongeza. Wajaluo ndio waliokuwa wa mwisho kuhama, mwanzoni mwa karne ya 20.

Wengine husema, "Lazima kuna udongo katikati ya mawe." Hakuna. Hakuna chokaa pia. Mawe hayakuchongwa, yalichukuliwa yalivyo, makubwa kwa madogo, na mahali pengine ukuta unapita mita 4 kwenda juu. Siri iko kwenye tumbo la ukuta. Uso wa nje ulipangwa peke yake, wa ndani peke yake, kisha mawe madogo yakajazwa katikati kuzishikanisha nyuso hizo mbili. Palipoonekana dhaifu, pakaongezwa egemeo la mawe.

Kuhusu vita, dhana kwamba hii ilikuwa ngome ya kupigania ina nusu ya ukweli. Milango ni mifupi makusudi: unaingia umeinama, kichwa mbele, na mlinzi wa ndani anakuona kabla hujanyoosha mgongo. Lakini hii haikuwa kambi ya askari. Ndani ya Kochieng, boma kubwa kuliko yote hapo, kuna mabaki ya mazizi ya ng'ombe, na mabonde madogo ya mviringo ardhini ambayo mgeni hupita juu yake akitafuta "nyumba za mawe". Mabonde hayo ndiyo nyumba zenyewe. Zilikuwa za udongo na nyasi, zikaoza. Kilichobaki ni alama ya sakafu. Palifuliwa chuma pia, na kwenye mwamba kuna vishimo vya ajua, bao la Wajaluo. Watu waliishi, walibishana, walichezeana kete.

Na mwenye mali ni nani? Wengi hudhani ni serikali ya kaunti. Katiba ya 2010 iliacha majengo ya kale ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali kuu, kwa hiyo msimamizi ni Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya (National Museums of Kenya). UNESCO iliiingiza Thimlich Ohinga kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, haikuinunua.

Mwisho, kwa wapiga picha: ukuta uliosimama miaka mia kadhaa haujawa ngazi. Ukikanyaga jiwe la juu likasogea, yale madogo ya katikati huanza kumwagika, na uso mzima hupoteza mshikizo. Pita mlangoni, uiname kama wenyewe.