Upasuaji wa Kupunguza Mfuko wa Tumbo: Ayajue Mkazi wa Lamu Kabla ya Kuvuka Maji

Wanaotuuliza kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito aghalabu huchanganya mambo mawili: kufyonza mafuta ya kitambi, ambako ni urembo, na kupunguza mfuko wa tumbo, ambako ni tiba ya ugonjwa wa unene. Makala haya yanahusu hilo la pili.

Katika njia inayotumika zaidi duniani, daktari hupitisha vifaa kwenye matundu madogo ya tumbo, akaondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo na kuubana ukingo uliobaki kwa pini. Husalia mrija mfano wa ndizi, usiochukua zaidi ya vikombe viwili vitatu vya kahawa chungu. Sehemu inayoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, na haiwezi kurudishwa.

Anayefikiriwa kwanza ni yule ambaye kilo zake, zikigawanywa kwa mraba wa urefu wake kwa mita, hufika 35. Kwa mtu wa mita 1.60, hizo ni takriban kilo 90. Mwenye kisukari huweza kufikiriwa akiwa na 30. Kitambi kilichobaki baada ya uzazi hakimo.

Vifo ni nadra, lakini hatari inayotutia wasiwasi zaidi sisi wa visiwani ni kuvuja kwa ule ukingo uliobanwa, jambo ambalo mara nyingi hujitokeza mgonjwa akiwa amesharuhusiwa kwenda nyumbani. Moyo hupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika, homa hupanda, pumzi hukatika, na bega la kushoto huweza kuuma kuliko hata tumbo lenyewe. Wa nyumbani wakisema ni gesi na kumchemshia tangawizi, saa zinapotea. Na kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara hadi Mombasa. Tena safari ndefu ya kukaa kitako kwenye basi huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Kwa maoni yetu, mgonjwa wa huku na akae karibu na hospitali iliyompasua kwa wiki mbili kamili, hata kama anajihisi mzima.

Baadaye huja kiungulia, mawe ya nyongo, na upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12, ambavyo humlazimu kumeza vidonge maisha yake yote. Anayetapika kwa siku kadhaa asingoje: upungufu wa vitamini B1 huweza kuudhuru ubongo.

Kuhusu Ramadhani, wataalamu wengi hushauri asifunge kwa miezi 12 hadi 18 ya mwanzo, kwa kuwa mfuko mdogo hauwezi kupokea maji ya siku nzima kati ya magharibi na alfajiri. Hunywewa funda kwa funda, kutwa.