“Sisi si kiwanda”: chama cha wafanyakazi kwenye shirika la uhifadhi

Kwenye mashirika ya kuhifadhi mikoko na matumbawe huku Tanga husemwa sana: “Tunaishi kwa fedha za wafadhili, chama cha wafanyakazi ni cha viwandani.” Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiulizi kama mwajiri anapata faida. Kuanzisha chama kipya kunahitaji mkutano wa waajiriwa wasiopungua 20, na hapo ndipo wengi hukwama: nusu yao wako baharini, daftari la mahudhurio linabaki na saini 14. Daftari hilo, muhtasari na katiba, nakala zilizothibitishwa, hupelekwa kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi na waajiri ndani ya miezi 6 tangu chama kuanzishwa. Mkurugenzi msimwandikishe, uongozi wa juu hauruhusiwi kwenye chama cha walio chini yake. Mkiwa wachache, jiungeni na chama kilichokwisha kusajiliwa.