Je, wajua? Mnadani, hata taa ya darini hupandisha dau

Dalali wa Christie's au Sotheby's, nyumba kubwa za mnada, anaponadi mkufu, bei hupanda mbiombio: elfu tano, elfu tano na mia tano, elfu sita. Mtazamaji hudhani kila bei ina mtu wake, aliyeinua kibao ukumbini au aliye kwenye simu. Sivyo. Mara nyingi madau ya mwanzo hayana mwenyewe. Dalali hutazama ukuta wa nyuma, au taa inayoning'inia darini, akaitikia kana kwamba imemkonyeza.

Wala si kwamba kapatikana dalali mmoja mwongo. Sotheby's iliyoanza 1744 na Christie's ya 1766 zimeandika jambo hilo kwenye masharti yao: dalali anaweza kutoa dau kwa niaba ya muuzaji. Akisikia hivyo mtu huruka upande wa pili, akaamini kwamba basi mnunuzi hupandishiwa bei bila kikomo. Nalo si kweli. Muuzaji na nyumba ya mnada hupatana kwa siri bei ambayo chini yake mali haitoki, na bei hiyo haizidi makadirio ya chini yaliyochapishwa katika katalogi. Taa hushindana chini ya mpaka huo tu. Dau likifika hapo, lazima liwe la mtu.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Tuseme mkufu umekadiriwa dola 10,000 hadi 15,000, bei ya siri ni 9,000, na dau hupanda kwa 500. Mnunuzi wa kweli ni mmoja tu. Dalali akifungua na taa kwa 5,000, mnunuzi atapata 5,500, taa 6,000, mnunuzi 6,500. Wakiendelea kupokezana hivyo, mnunuzi atasimama kwenye 8,500 na zamu ya 9,000 itaiangukia taa, isiyoruhusiwa kuichukua. Kwa hiyo dalali hupiga hesabu mapema na kuipa taa madau mawili mfululizo, 5,000 na 5,500, ili 9,000 imwangukie mnunuzi. Yote hayo huku akitabasamu na kutania watu.

Ni kama muuza mitumba anayekwambia asubuhi kuna mtu alimpa elfu arobaini akakataa. Tofauti ni kwamba huyu wa mnadani ameshakuandikia kabla hujaingia.

Kwa nini wasiitangaze tu bei hiyo? Maelezo ya kawaida ni kwamba kuanzia chini huwachangamsha watu, na kwamba siri huwavuruga wanunuzi waliokubaliana kutoshindana. Yana mantiki, ingawa ya kwanza ni vigumu kuipima. Lenye uhakika zaidi ni hofu ya muuzaji: mkufu uliokosa mnunuzi hadharani hurudi sokoni ukiwa na doa, na wenye pesa huuliza una kasoro gani.

Sheria nayo imo. Nchini Uingereza, kifungu cha 57 cha sheria ya mauzo ya bidhaa ya 1979 kinamkataza muuzaji kutoa dau au kumtuma mtu, isipokuwa haki hiyo imetangazwa mapema; asipotangaza, mnunuzi anaweza kuuhesabu mnada kuwa wa hila. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zimetokana na sheria ya Uingereza iliyoitangulia hiyo, ya 1893. Tangazo lenyewe, katika katalogi, hukaa kurasa za nyuma kwa herufi ndogo, baada ya picha zote.