Gia ya N hailindi gari la otomatiki linalovutwa

Gari likikuzimikia Makambako na fundi unayemwamini yuko Mbeya, zaidi ya kilomita 150, utaambiwa: "Weka N, funga kamba, twende." Kwa gari la gia za mkono ushauri huo kwa kawaida haudhuru. Kwa otomatiki unaua gia boksi.

Pampu ya oili ya gia boksi huzungushwa na injini, si matairi. Injini ikizimwa, pampu imelala, ila matairi yanaendelea kuzungusha shafti na gia za ndani. N inakata nguvu ya injini tu. Vyuma vinasagana bila oili mpya, joto linapanda, klachi za ndani zinaungua. Chomoa kijiti cha oili ya gia boksi baadaye: nyeusi, inanuka kuungua.

Vitz na IST nyingi husukumwa na matairi ya mbele, basi inua mbele na uachie hendibreki. Mark II nyingi husukumwa na matairi ya nyuma, basi inua nyuma na ufunge usukani ukiwa umenyooka, au fundi ang'oe propela shafti, ile inayopeleka nguvu nyuma. Subaru ya 4WD ipande juu ya gari la kubebea, matairi yote manne. Kuinua upande mmoja ni kuichoma kabisa.

Kulitoa barabarani mita chache kwa mwendo wa miguu, sawa.

Na kuvuta kwa kamba kwenye mteremko mkali kama Kitonga, Iringa? Hapana, hata kwa gari la gia za mkono. Injini ikiwa imezima, ukikanyaga breki mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na aliye mbele yako ndiye utakayemgonga.