Tatizo pacha halitoi jibu kila mara

Wanafunzi wengi wa hesabu hapa Mwanza huamini kuwa ukishatatua tatizo pacha (dual, yaani lile linalogeuza masharti kuwa faini na kutafuta faini bora), tatizo la msingi, la kupata gharama ndogo kabisa kwa masharti yaliyopo, nalo limekwisha. Kwa gharama na masharti ya umbo mbonyeo (convex), yaani bonde moja lisilo na vilima ndani, kwa kawaida ni kweli. Penye mabonde mengi, au maamuzi yasiyogawanyika kama idadi ya safari, huenda isiwe kweli.

Tuseme una tani 5 za dagaa Nansio, kisiwani Ukerewe, ziende soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Boti hubeba tani 4, na kila safari ni shilingi 400,000, ijae isijae. Utalipa safari mbili: 800,000. Tatizo pacha huweka faini kwa kila tani inayobaki. Faini bora ni 100,000 (400,000 kwa tani 4), na jibu lake kwa tani 5 ni 500,000. Pengo hilo la 300,000 halitokani na kukosea hesabu. Wala kazi haikuwa bure: umethibitisha kuwa hakuna mpango wa chini ya 500,000, na hiyo ndiyo thamani kubwa ya nadharia hii. Sasa gawanya tatizo kwa idadi ya safari: isiyozidi moja, au mbili na zaidi. Safari moja haitoshi, ifute. Kwa safari mbili au zaidi, pacha mpya hutoa 800,000 kamili.

Yapo pia matatizo ya mabonde mengi yasiyo na pengo kabisa, kama ya kipeo cha pili (quadratic) yenye sharti moja la kipeo cha pili linaloweza kutimizwa kwa nafasi, yaani bila kugusa mpaka wake. Msingi wake ni lema (kanuni saidizi iliyothibitishwa) ya mwanahisabati Yakubovich ya mwaka 1971.